Sura ya Saba: Raba Zilizovimba

Inspekta Irene Kunambi alivaa ovaroli juu ya sare, akajifunga kitambaa kichwani, akalala chali juu ya kipande cha boksi na kujisukuma chini ya lori dogo la Kanta. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, katika uwanja wa kituo cha polisi Morogoro. Gari lile lilikuwa bado limepakwa matope ya majaruba ya mpunga ya Kiroka hadi kwenye vioo, na nyuma yake mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa imeanza kuiva. Kila askari aliyepita karibu alipunguza mwendo, akageuka kushoto na kulia, kisha akaenda zake mfuko ukiwa umetuna.

"Kaka Idrisa!" Irene aliita kutoka chini. "Zihesabu hizo ndizi. Ni kielelezo."

"Nilizihesabu jana, afande," alijibu Koplo Idrisa. "Nikizihesabu tena leo tutakuwa na kesi mbili."

Idrisa alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Irene humwamkia shikamoo kila asubuhi, akishaitikiwa marahaba ndipo humpa amri, na utaratibu huo uliwafaa wote wawili.

Ajali yenyewe ilitokea Jumanne alasiri. Kanta hiyo ilikuwa inatoka Kinole kuja mjini, imebeba ndizi, mafenesi na akina mama wanane wafanyabiashara. Kwenye mteremko ulio juu ya Kiroka breki zikakataa kabisa. Mbele kulikuwa na nyumba na watu wamekaa barazani. Dereva, Nassoro, akakata usukani kuelekea kwenye mashamba ya mpunga. Gari likavunja uzio, likapita katika jaruba la kwanza, la pili, na katika la tatu likazamisha pua yake kwenye tope na kutulia. Nassoro alivunjika mkono wa kushoto. Akina mama waliibuka mmoja mmoja, tope hadi kwenye nyusi, wakaanza kuhesabiana. Walipofika wanane waliangua kicheko kikubwa hata wenyeji waliokuja kuwaokoa wakadhani wamerukwa na akili.

Kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa unauliza swali moja: nani alitengeneza zile breki? Jibu lilipatikana upesi. Ni Raya, fundi wa kike wa Mwembesongo, ambaye hajawahi kuwa na cheti cha aina yoyote. Jioni hiyo hiyo Raya akawekwa ndani. Gabrieli, mwenye Gereji ya Nguzo iliyoko barabara kuu, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wenye gereji, aliandika maoni yake ya kitaalamu katika ukurasa mmoja: raba za breki za nyuma zilikuwa feki, na zimefungwa na mtu asiyesomea kazi. Jumatatu madiwani walikuwa wanakaa kuamua kama mtu asiye na leseni ya ufundi azuiwe kugusa gari la mwenzake. Ajali ya Kiroka iliwafikia kwa wakati wake hasa.

Na Jumamosi ilikuwa harusi ya Raya. Bwana harusi ni huyo huyo Nassoro.

"Mkuu anataka ripoti kesho saa tisa alasiri," Idrisa alikumbusha.

"Ataipata. Nipe spana namba kumi."

Irene alifungua gurudumu la nyuma la kushoto, akatoa silinda ndogo inayosukuma breki, akachomoa raba zake mbili. Zilikuwa zimevimba na kulegea kama maandazi yaliyolowa kwenye chai. Za kulia zilikuwa vivyo hivyo.

Idrisa akaguna. "Basi Gabrieli kasema kweli. Raba feki."

"Tufungue na za mbele."

"Raya hakugusa za mbele, afande. Amesema hivyo, na dereva amesema hivyo."

"Ndiyo maana nataka kuziona."

Za mbele ziliwachukua saa nzima, kwa sababu nati mbili zilikuwa zimeshika kutu. Raba zote mbili zilipotoka, Irene alizifuta kwa kitambaa na kuzisogeza mwangani. Zilikuwa raba za kiwandani, zilizokuja na gari lenyewe, alama zake zikisomeka bado. Nazo zilikuwa zimevimba. Akapanda juu, akafungua silinda kubwa iliyo chini ya kanyagio. Raba moja iliyokuwa humo nayo hali ni ile ile.

"Kaka Idrisa, raba feki inaweza kuambukiza jirani yake?"

Idrisa aliacha kuandika. "Hapana."

"Raba saba, za watengenezaji wawili, za umri tofauti, na zote zimeugua ugonjwa mmoja. Kitu gani kimezigusa zote?"

"Mafuta ya breki."

Irene alichovya ncha ya kitambaa cheupe ndani ya kopo la mafuta lililokuwa juu ya silinda kubwa. Kitambaa kilirudi na doa. Halikuwa na rangi ya majani makavu kama inavyotakiwa. Lilikuwa jekundu jekundu, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha juisi ya rozela.

Alikikunja kitambaa, akakitia kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe.

*

Raya aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na khanga mabegani na uso usio na dalili ya kulia. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mikono mipana, kucha zimekatwa fupi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Vizuri. Ila gari lenu la doria linakohoa. Nimewaambia vijana wako tangu jana kupitia dirishani, wabadilishe plagi ya tatu. Wamebadilisha?"

Irene alimtazama Idrisa. Idrisa alitazama dari.

"Wamebadilisha," alikiri. "Limepona."

Irene alikaza midomo ili asicheke. "Raya, nieleze ulichokifanya kwenye Kanta ya Nassoro."

"Wiki mbili zilizopita nilibadilisha raba za nyuma, mbili kila upande. Nikamwaga mafuta ya zamani yote, nikaweka mapya ya chupa iliyofungwa, nikatoa upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Nikalijaribu gari mwenyewe hadi Kihonda na kurudi. Breki zilishika." Akainama mbele. "Umefungua za mbele?"

"Maswali nauliza mimi."

"Basi niulize kama za mbele zimevimba."

Irene alichora mstari mmoja kwenye daftari lake.

"Kwa nini unadhani zimevimba?"

"Kwa sababu Nassoro aliniambia hospitalini, kabla hawajaja kunichukua, kwamba gari lilikuwa zito kama linavutwa kwa nyuma. Raba ikivimba haiiachii breki. Breki isiyoachiwa inachemka. Ikichemka, mguu unazama na kanyagio. Hiyo haitoki kwenye raba mbovu, inatoka kwenye mafuta mabaya. Marehemu baba yangu alinionyesha nikiwa na miaka kumi na mitatu."

"Baba yako ndiye aliyekufundisha?"

"Fundi Rehani. Miaka kumi na minne chini ya magari pamoja naye. Chuoni nilikwenda, wakataka cheti cha kidato cha nne, na mimi niliishia darasa la saba. Baadaye nikasikia kuna utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani kwa vitendo. Nimejaza fomu mara mbili. Nasubiri." Alinyanyua mabega. "Watu wanafikiri mimi naogopa leseni. Mimi ndiye ninayeitaka kuliko wote. Nipimwe tu! Waniletee gari bovu na saa ya ukutani, wakae wanitazame."

"Pakiti ya zile raba iko wapi?"

"Kabati la bati, droo ya juu. Zimebaki nne. Na daftari langu liko hapo hapo."

*

Banda la Raya lilikuwa na paa la mabati na sakafu iliyofagiwa. Irene alizikuta raba nne pale pale alipoelekezwa. Daftari lilikuwa la shule, la kurasa mia mbili. Kila gari lilikuwa na ukurasa wake: namba, tarehe, kilichotolewa, kilichowekwa, na pembeni mchoro mdogo wa kalamu ya risasi. Kwenye ukurasa wa Kanta, chini kabisa, palikuwa na moyo mdogo uliochorwa kisha ukafutwa kwa haraka.

"Hilo nalo niliandike?" aliuliza Idrisa.

"Hilo liache."

Waliporudi kituoni Irene aliingia jikoni kwa mama lishe wa kantini akiwa na vichupa viwili vya jamu vilivyooshwa. Kwenye cha kwanza alimimina mafuta ya breki. Kwenye cha pili alimimina mafuta mekundu ya steringi, yale ya usukani. Akatumbukiza raba moja ya Raya katika kila kichupa, akavifunga, akavibandika karatasi zenye saini yake na ya Idrisa, akaomba viwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto pembeni ya jiko.

"Kitakuwa mboga gani hicho?" aliuliza mama lishe.

"Kikiiva kesho asubuhi, kitamtoa mtu rumande."

"Basi nitakichochea vizuri."

Alasiri wakaenda sokoni kumtafuta Bi Mwajuma, mkubwa wa wale wanane. Walimkuta nyuma ya rundo la mafenesi yaliyookolewa kutoka majarubani, anayauza kwa kelele kwamba ni mafenesi yaliyoponea chupuchupu na yana baraka. Irene alimwamkia, akachuchumaa mbele yake.

"Marahaba, mwanangu. Uliza, mimi sifichi."

"Gari lilikuwaje tangu Kinole?"

"Zito. Tulipofika Mkuyuni magurudumu yananuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Nassoro akasimama, akashuka, akagusa ringi, akaruka huyo! Vidole vimeungua. Halafu akafungua mbele, akamimina kitu."

"Kitu gani?"

"Kwenye chupa ya maji, ile ndogo. Lakini si maji. Kilikuwa chekundu kama togwa iliyotiwa rangi."

Irene na Idrisa walitazamana. Walirudi kituoni mbio, wakapekua chini ya kiti cha dereva ndani ya Kanta. Chupa ilikuwapo. Ilikuwa ya plastiki, haina karatasi, na ndani yake yamebaki mafuta mekundu ya kimo cha vidole vitatu.

"Basi ni Nassoro mwenyewe," alisema Idrisa kwa huzuni. "Kaharibu breki zake, halafu kamwacha mchumba alale ndani siku tatu kabla ya harusi. Mwanamume gani huyo?"

"Hilo ndilo tutakalomuuliza."

Nassoro alikuwa amekaa kitandani hospitalini, mkono umefungwa plasta, na juu ya plasta akina mama wa Kinole wameandika majina yao yote wanane. Irene aliiweka ile chupa kwenye kimeza, bila salamu ndefu. Uso wa Nassoro ulibadilika.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Uliimimina wapi?"

"Kwenye mafuta ya breki. Pale Mkuyuni, niliona yamepungua."

"Na kabla ya hapo?"

Nassoro aligeukia dirishani.

"Nassoro, Raya yuko rumande kwa ajili ya gari lako. Unajua?"

"Najua. Namwombea."

"Hahitaji dua yako, anahitaji jibu lako. Nani alikupa chupa hii?"

Alianza kusema, akaacha. Alianza tena. Hatimaye akauficha uso kwa mkono wake mmoja mzima. "Afande, nikisema hapa hakuna harusi."

"Usiposema ndiyo hakuna."

"Nilipeleka gari kwa Gabrieli."

Idrisa aliyekuwa mlangoni aliachia mluzi mrefu.

"Mwenye gari alitaka karatasi ya gereji yenye cheti," Nassoro aliendelea, maneno yanamtoka kwa kasi sasa. "Aliambiwa sheria mpya inakuja, kila gari la mizigo litadaiwa karatasi yenye muhuri. Jumatatu nikaenda Gereji ya Nguzo, wakakagua, wakajaza mafuta, wakanipa karatasi. Na hicho kichupa wakanipa, wakasema breki ikipungua ongeza. Afande, mimi ni mchumba wake Raya! Nimepeleka gari kwa mtu anayemwita yeye fundi wa vichochoroni! Nilisema bora nivunjike na mkono huu mwingine kuliko ajue."

Irene alivuta kiti, akaketi. Katika miaka kumi na moja ya upelelezi alishasikia sababu nyingi za watu kuficha ushahidi. Hii ilikuwa ya kwanza kumfanya atake kumpa mshukiwa kikombe cha chai.

"Karatasi iko wapi?"

"Ndani ya kofia yangu."

*

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, mama lishe alifunua sufuria mbele ya askari sita waliojileta wenyewe. Irene alikata karatasi zenye saini, akazitoa raba kwa kibanio na kuziweka juu ya sahani. Ile ya mafuta ya breki ilikuwa vile vile, ngumu, imekaza. Ile ya mafuta mekundu ilikuwa imetanuka na kulegea, na kuta zake zimejikunja.

"Pacha hawa walilala kitanda kimoja?" aliuliza mama lishe.

"Pakiti moja," Irene alijibu. "Wamekula chakula tofauti."

Saa mbili na robo alikuwa Gereji ya Nguzo pamoja na Idrisa. Ilikuwa gereji nzuri kweli, sakafu ya vigae, spana zimepangwa kwa ukubwa, na ukutani cheti kikubwa ndani ya fremu. Gabrieli, mtu wa miaka hamsini mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alimkaribisha kwa heshima.

"Umekuja kunishukuru kwa maoni yangu, Inspekta?"

"Nimekuja kujifunza. Wewe ndiye unayejua mambo ya leseni hizi. Wanasema ulikwenda Dodoma kuzitetea."

"Siku mbili!" Uso wa Gabrieli uling'aa. "Niliondoka Jumapili jioni, nikarudi Jumanne jioni. Jumatatu nzima nilikuwa ukumbini. Nilisema pale mbele ya wote: gari ni uhai wa mtu, asiliguse asiyejulikana alikojifunza. Nilipigiwa makofi."

"Ni neno la kweli hilo," alisema Irene, akimaanisha. Kisha akaikunjua karatasi ya Nassoro na kuiweka mezani. "Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Soma tarehe."

Gabrieli alisoma. Akasoma tena. Rangi ya uso wake ilipungua.

"Inasema Jumatatu, saa nne asubuhi, umekagua breki za Kanta hii kwa mikono yako mwenyewe," Irene alisema taratibu. "Na saa nne hiyo ulikuwa Dodoma unapigiwa makofi."

Gabrieli aligeuka, akaita, "Yohana! Njoo hapa."

Aliyekuja alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, ovaroli lake lina madoa ya rangi za kila aina, buluu, kijani, ya fedha. Irene alimwonyesha karatasi.

"Wewe uliijaza?"

"Ndiyo, mama. Bosi aliziacha zikiwa na saini, kumi na mbili. Aliniambia wateja wasirudishwe bure."

"Wewe ni fundi wa breki?"

"Mimi ni mpaka rangi." Alilisema bila kujitetea. "Nilimwambia bosi. Akasema ni kuongeza mafuta tu na kugonga muhuri."

"Uliongeza mafuta gani?"

Yohana aliwaongoza hadi kwenye rafu. Palikuwa na chupa mbili za plastiki zilizojazwa kutoka madebe makubwa, hazina karatasi, zimesimama bega kwa bega. Ya kwanza ilikuwa na mafuta ya rangi ya majani makavu. Ya pili ilikuwa nyekundu.

"Nilichukua iliyokuwa karibu," alisema.

Gabrieli alikaa juu ya tairi, na shati lake jeupe. Irene hakumpa nafasi ya kuomboleza.

"Ngapi umeshajaza, Yohana? Mbali na Kanta."

"Tano."

"Magari yote uliyaongezea mafuta?"

"Nadhani yote. Sikumbuki kwa chupa ipi."

Hapo Gabrieli alisimama. Irene alikuwa anatarajia visingizio, na tayari alikuwa amekwishaandaa majibu yake. Badala yake yule mtu alivuta mtoto wa meza, akatoa kitabu cha kopi za karatasi, akakibwaga mbele yake.

"Namba za simu ziko hapa. Gawa, Inspekta. Wewe mbili, koplo mbili, mimi moja. Magari yasitembee hata hatua moja, nitayafuata yalipo."

Kufikia saa tano walikuwa wamelipata lori la mchanga, pikapu ya mfuga kuku wa Kihonda na teksi moja iliyokuwa bado imelala nyumbani. La nne, Noa ya mhadhiri wa chuo kikuu, lilikuwa limekwishashika barabara ya kwenda Ngerengere. Irene alipiga simu kwa askari wa barabarani, na mhadhiri akasimamishwa akiwa na mkewe na keki ya kumbukumbu ya ndoa magotini.

"Haiwezekani!" sauti yake ilisikika ndani ya simu. "Mimi nina karatasi! Ina muhuri!"

"Hiyo karatasi ndiyo tunayoitafuta, mheshimiwa," alijibu Irene. "Kaa kivulini, kula keki. Fundi yuko njiani."

La tano lilikuwa Kosta ya kukodi, viti ishirini na tisa. Idrisa alisoma jina la mteja aliyeikodi kwa kesho yake, akavua kofia.

"Afande. Ni ya harusi. Ndiyo itakayompeleka Raya Kinole."

Gabrieli alilisikia. Alifungua vifungo vya mikono ya shati, akakunja moja hadi kiwikoni, kisha nyingine.

"Ileteni hapa," alisema. "Yohana, kaa pale uniangalie. Usiguse, angalia. Leo nitakufundisha."

*

Saa tisa kasoro dakika tano ripoti ilikuwa juu ya meza ya mkuu wa usalama barabarani, Afande Abdulmajid. Ilikuwa na kurasa nne, sahani moja na raba mbili. Aliisoma bila kuinua kichwa, akazibonyeza raba kwa kalamu.

"Kwa hiyo madiwani niwaambie nini? Leseni iwepo au isiwepo?"

"Iwepo, afande," alisema Irene. "Ila mtu apimwe akiwa na spana mkononi. Na anayesaini awe ndiye aliyefanya. Cheti cha Gabrieli ni halali kabisa, kasoro yake ni kwamba hakikushika gari. Raya alilishika gari, akawa hana cheti. Wote wawili wanahitaji sheria hiyo."

"Gabrieli atajibu mashtaka."

"Anajua. Maelezo yake ameshaandika, na ile barua ya raba feki ameifuta kwa saini yake. Raya naye ameomba awe wa kwanza kupimwa."

Afande Abdulmajid alisaini. "Mtoe basi. Na umwambie gari langu nalo lina mlio upande wa kulia."

Nassoro alikuwa anasubiri nje ya kituo, mkono kwenye kombeo. Alikuwa ameamua kusema mwenyewe. Irene na Idrisa walisimama mbali kidogo, wakawaona wakizungumza, wakamwona Raya akirudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni.

"Kwa nani?" sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Rudia! Kwa nani?"

Nassoro alirudia. Raya alimtazama kwa muda, akaitazama plasta, akayasoma yale majina manane, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Ungeniambia tu, Nassoro! Ningekwenda na wewe nikamwonyeshe chupa!"

*

Jumamosi saa nane mchana Mwembesongo ilikuwa imefurika. Ndoa ilishafungwa, pilau limeshaliwa, na bibi harusi alikuwa tayari kupelekwa kwa wakwe zake Kinole, Nassoro akiwa pembeni yake. Irene alikuja na gauni la kitenge, Idrisa na kanzu iliyombana kidogo tumboni. Kosta ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba, imeoshwa, imefungwa maua. Hakuna aliyekuwa amepanda.

"Hatupandi gari lililotoka kwa Gabrieli," alitangaza Bi Mwajuma kwa niaba ya wenzake saba. "Jumanne tumekunywa tope la kutosha."

Vigelegele vilizimika. Dereva alitazama chini. Kisha watu wakapisha, na Gabrieli akatokea kutoka nyuma ya gari. Hakuwa na shati jeupe. Alikuwa na ovaroli, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Alisimama mbele ya bibi harusi.

"Raya, niliandika jambo baya juu yako, nalo halikuwa kweli. Nimelifuta kwa polisi, na sasa nalifuta hapa mbele za watu."

Raya, ndani ya gauni lake jeupe na hina hadi kwenye mabega, alimtazama.

"Nani alitengeneza gari hili?" aliuliza.

"Mimi. Kwa mikono yangu. Raba zote mpya, mafuta yote mapya, mabomba nimeyaosha mara tatu."

"Ulitoa upepo kuanzia gurudumu lipi?"

"La nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote."

"Fungua boneti."

Shangazi wawili walipiga kelele, wakakimbilia kushika gauni lisiguse vumbi. Raya aliinama, akafungua kifuniko cha mafuta, akachovya ncha ya kidole chenye hina, akanusa, akakisugua kwenye kidole gumba. Akazunguka gari lote na shangazi zake nyuma wakiwa wamebeba gauni kama wabeba chandarua. Aliingia kwenye kiti cha dereva, akavua kiatu, akakanyaga breki mara tano. Akakaa akisikiliza kwa mguu.

Aliposhuka aliwageukia akina mama.

"Pandeni."

Walipanda wakisukumana, ngoma mbele. Irene alibanana na Idrisa kwenye kiti cha tatu. Gabrieli alikuwa anafuta mikono yake, amegeuka kuondoka, Raya alipomwita kutoka mlangoni.

"Unakwenda wapi, fundi?"

"Nyumbani. Mimi sikualikwa."

"Gari umelitengeneza wewe, nimelikagua mimi. Kaa hapa nyuma ya dereva." Alisogeza gauni lake kumpa nafasi ya kupita. "Ukisikia mlio wowote njiani, sema. Tutashuka sote wawili."

Gabrieli alisita, kisha akapanda na ovaroli lake, katikati ya khanga na manukato. Bi Mwajuma alimtazama kutoka juu hadi chini, akajisogeza nusu kiti, akamwekea kipande cha fenesi kiganjani. Dereva akawasha, Kosta ikaingia barabarani kuelekea milimani, na akina mama wanane wakaanza wimbo kwa sauti moja.